Topolojia Ianze na Swali

Namba zote zilizo kati ya 0 na 1, bila 0 na 1 zenyewe, zinaweza kufunikwa kwa vipande: cha 1/2 hadi 1, cha 1/3 hadi 1, cha 1/4 hadi 1, na kuendelea bila mwisho. Hakuna namba itakayoachwa. Lakini vikibakizwa vipande milioni moja tu, karibu na 0 zitabaki namba zisizofunikwa.

Zikijumuishwa 0 na 1, hali hubadilika kabisa. Kila mkusanyiko wa vipande wazi, yaani visivyojumuisha ncha zake, unaozifunika zote una vipande vya idadi yenye kikomo vinavyotosha. Nafasi yenye sifa hiyo huitwa kompakti.

Wanafunzi wengi hukariri fasili hii, wakafaulu mtihani, wakaisahau. Hiyo ni hasara kubwa, maana nyuma ya fasili hiyo kuna kisa cha kusisimua. Wanahisabati Pavel Alexandroff na Pavel Urysohn waliuliza: nafasi kompakti ya Hausdorff (ambamo nukta mbili tofauti hutenganishwa na seti wazi zisizokutana), ambayo ujirani wa kila nukta unaelezwa kwa mkusanyiko unaohesabika wa seti, yaweza kuwa na nukta nyingi kuliko mstari wa namba halisi? Urysohn alizama baharini huko Ufaransa mwaka 1924, akiwa na miaka 26. Jibu lilitolewa mwaka 1969 na Alexander Arhangel'skii: haiwezekani.

Wahadhiri wa hisabati waanze na swali hilo, fasili ifuate.