Kosa la herufi moja linatugharimu

WAHENGA walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo tunazungumzia ufa mdogo katika Kiingereza chetu sisi tunaoishi ughaibuni: kile kijineno "a", na mwenzake "an", kinachotangulia jina la kitu kimoja.

Ndugu yetu mmoja hapa Uingereza alijaza maombi ya kuleta familia yake. Ana watoto watatu, lakini aliandika: "I have a children." Ikaja barua kumuuliza: ni mtoto mmoja au zaidi? Wiki kadhaa zikapotea kwa kujibizana, na watoto wakabaki kwa bibi yao wakisubiri.

Hatusemi kwamba ndugu yetu ni mjinga. Kiswahili hakina kijineno cha namna hiyo. Umoja na wingi wetu umo ndani ya jina lenyewe: mtoto, watoto, kiti, viti. Ndiyo maana tukiandika Kiingereza tunaiona "a" kama pambo na kuibandika popote. Kumbe asili yake ni neno la kale la Kiingereza lenye maana ya "moja". Kwa hiyo anayeandika "a books" ni kama anayesema "vitabu kimoja". Nani kati yetu asingecheka?

Na hapo ndipo penye dawa. Sisi tumezaliwa katika lugha ambayo kila neno hufuata jina: mtoto mmoja mzuri amefika, watoto wawili wazuri wamefika. Aliyeyamudu hayo tangu utotoni hawezi kushindwa na "a book" na "books". Kabla ya kuandika "a", jiulize kama "moja" inakubali mahali hapo. Kwa kawaida ikikataa, iondoe. Tusidanganywe na "children", "men" na "people"; hayana "s" mwishoni lakini ni wingi. Tukumbuke pia kwamba "advice", "information" na "furniture" Waingereza hawayahesabu, hivyo hayapokei "a" wala "s", ingawa kwetu ushauri mmoja ni jambo la kawaida. Yapo mengine ya kukariri tu, kama "a few people".

Linalotusikitisha zaidi ni wale wenzetu wanaogeuza makosa haya kuwa kichekesho barazani na kwenye mitandao. Nyani haoni kundule. Nyumbani kwao hao hao, watoto waliozaliwa huku wanasema "kitabu yangu" na "viti hii", na wazazi wanachekelea bila kuwasahihisha.

Tuache kuchekana, tusahihishane. Mwenzako akikuletea fomu, isome naye taratibu kabla haijapelekwa, nawe yako mpe mwingine aipitie. Dakika kumi za msaada wa ndugu zingewaokoa watoto wale watatu na wiki nzima nzima za kusubiri.