Gari la Mzee Lipimwe kwa Magoti

Katika sehemu zetu za Butali, kwenye barabara itokayo Kakamega kwenda Webuye, umezuka mtindo ufaao kutazamwa kwa makini. Mwalimu akisha kustaafu na kupata kiinua mgongo chake, au mwana aliye Nairobi akitaka kumshukuru baba yake, jambo la kwanza linalotajwa ni gari kubwa la fahari. Si jipya, kwa maana jipya halishikiki kwa bei, bali lililokwisha tumika. Sina ugomvi na shukrani hiyo. Mtu aliyesomesha watoto huku yeye akiendesha baiskeli anastahili kuketi pazuri. Ugomvi wangu ni kwamba gari lenyewe huchaguliwa kwa macho ya majirani, na mzee huitwa kuliona fedha zikisha lipwa.

Ndugu msomaji, tuanze na magoti. Gari lililoinuka hufaa huku kwetu, kwani trekta za miwa huchimba mitaro mirefu katika njia za udongo, na gari fupi hukwama tumbo. Lakini kuinuka huko huko ndiko kunakomtesa mwenye magoti ya miaka sabini. Kwa hiyo tazama kama lina ngazi ubavuni na vishikio imara vya mkono, kisha mwache mzee apande na kushuka mara tatu bila kusaidiwa. Akianza kuhema, mwuzaji na apewe mkono wa kwaheri. Mwenye nyumba kando ya lami aweza kuridhika na Toyota Harrier, ambayo kiti chake hakikupaa sana.

Wengi huota Range Rover, jina lenye sifa tangu mwaka 1970. Mengi ya magari hayo hukalia mifuko ya hewa badala ya springi za chuma, na yana hila moja ya kupendeza: huinama ili abiria aingie. Mpira wa mifuko hiyo ukisha zeeka na kuvuja, gari huinama lisiinuke tena. Hapo hutakiwa fundi mwenye mitambo ya kompyuta na spea za bei kali, na fundi wa jua kali aliye karibu nawe, hata akiwa hodari namna gani, atakuna kichwa tu. Malipo ya uzeeni hayakupangwa kwa safari za namna hiyo.

Mimi ningemshauri mzee wa Kabras achukue Land Cruiser Prado ya injini ya petroli ya lita 2.7. Haina mbio, nayo hupenda petroli, hilo halifichiki. Lakini mzee hana haja ya mbio, na mafundi wengi wanaifahamu. Ile ya dizeli ya lita 3 ina nguvu zaidi, ila injekta zake zikichoka, gharama ya kuzibadilisha huuma.

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari lililopita miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza. Basi Prado ya bei ya kadiri aghalabu ni ile iliyokwisha kunyanyaswa na barabara zetu wenyewe. Geji ya kilomita isikudanganye, hurudishwa nyuma kwa urahisi. Tazama mpira wa pedeli na ngozi ya usukani: vikiwa vimelika huku geji ikidai gari limetembea kidogo, umejua la kufanya. Ingia chini uone kutu ya fremu. Injini iwashwe asubuhi ikiwa baridi, si baada ya mwuzaji kuipasha moto.

Hata lililotoka Japani karibuni lina vituko vyake. Redio nyingi za huko hushika sehemu ya chini tu ya masafa, ilhali yetu hufika 108. Mzee akilipa mamilioni halafu asiisikie Mulembe FM, patakuwa na maneno nyumbani! Hilo fundi hulitengeneza. Jambo la kuogopwa ni taa. Plastiki ya taa za mbele huwa manjano kwa jua na miaka, na mwanga hufifia. Jicho la mzee nalo huhitaji mwanga mwingi zaidi, na hukawia kupona likimulikwa. Na huku kwetu tela la miwa laweza kusimama barabarani usiku bila taa hata moja nyuma. Kwa hiyo gari lijaribiwe magharibi, mzee mwenyewe akishika usukani, na fundi wake, si wa mwuzaji, ameketi kando. Taa zilizofifia zisafishwe au zibadilishwe kabla ya kulipa.

Mwisho, umiliki uchunguzwe kwa mamlaka ya NTSA, isije ikawa benki bado ina haki juu ya gari hilo. Kisha liandikishwe kwa jina la mzee mwenyewe, wala si la kijana aliyetoa fedha. Nimesikia wazee wakiombwa gari "kwa wiki moja tu" na wenye kitabu cha gari, na wiki hiyo haijaisha hadi leo.