Kimeng'enya cha Kipanya: Istilahi za Sayansi katika Mtihani wa Sentensi

1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu wanaistilahi wa Kiswahili wamekuwa wakijadili suala la chanzo: je, istilahi mpya ichotwe kutoka katika Kiswahili chenyewe na lugha nyingine za Kibantu, kutoka katika Kiarabu, au itoholewe kutoka katika lugha za Ulaya? Mjadala huo umezaa makala nyingi na tasnifu zisizo chache. Makala haya yanashikilia kwamba suala hilo, ingawa ni la haki, si la kwanza. La kwanza ni kama istilahi inaweza kukaa katika sentensi moja na istilahi nyingine za uwanja wake bila kugongana nazo. Istilahi nyingi zilizoundwa moja moja kwa ajili ya orodha hupendeza zikiwa peke yake, na huanguka mara tu zinapokutana.

Ili hoja yetu isielee hewani, tumechagua uwanja mmoja mwembamba, nao ni vimeng'enya vya panya vinavyotengenezwa kwa uhandisi wa jeni na kutumiwa katika uchunguzi wa jinsi ubongo na neva zinavyopelekeana ujumbe. Msomaji anaweza kudhani kwamba uwanja huu uko mbali mno na Idara ya Kiswahili. Tutaonyesha kwamba hauko mbali hata kidogo na shamba la mkulima.

2.0 Jambo lenyewe

Mwaka 1921 Otto Loewi alifanya jaribio kwa mioyo miwili ya vyura. Aliusisimua mshipa wa fahamu unaopunguza kasi ya moyo wa kwanza, kisha akachukua majimaji yaliyouzunguka moyo huo na kuyatia katika wa pili. Moyo wa pili nao ukapunguza mapigo, ingawa hakuna mshipa wake uliosisimuliwa. Ikadhihirika kwamba neva hupeleka ujumbe kwa kemikali. Kemikali hiyo ilikuja kutambuliwa kuwa ni asetilikolini, na mwaka 1936 Loewi alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale.

Ujumbe usiokoma si ujumbe. Asetilikolini ikishafika upande wa pili lazima iondolewe upesi, la sivyo msuli utaendelea kujikaza na tezi kuendelea kutoa majimaji. Kazi ya kuiondoa hufanywa na kimeng'enya kiitwacho kimataifa asetilikolinesterasi. Molekuli moja ya kimeng'enya hiki huweza kuvunja molekuli za asetilikolini zipatazo 10,000 kwa sekunde moja, na ni mojawapo ya vimeng'enya vyepesi kuliko vyote vinavyojulikana.

Zamani watafiti walikipata kwa wingi kutoka katika viungo vya umeme vya samaki wa jenasi ya Torpedo. Umbo la kimeng'enya hicho cha samaki lilibainishwa mwaka 1991 na kundi la Joel Sussman na Israel Silman. Hali kadhalika jeni ya kimeng'enya cha panya ilikwisha kutengwa mwaka 1990, na mwaka 1995 Yves Bourne, Palmer Taylor na Pascale Marchot walichapisha umbo la kimeng'enya cha panya kikiwa kimeshikamana na fasikulini. Fasikulini ni sumu ya nyoka wa kijani wa jamii ya koboko, aishiye katika misitu ya pwani ya Afrika Mashariki. Mahali pa kuvunjia asetilikolini pako chini kabisa ya shimo jembamba lenye kina cha takriban sehemu mbili za bilioni moja za mita, na watafiti wenyewe waliliita shimo hilo korongo. Sumu ya nyoka hukaa juu ya mdomo wa korongo kama kifuniko. Hapa mwalimu wa Kiswahili hahitaji kuunda neno lolote: aliyeliona Korongo la Olduvai, hata katika picha, amekwisha kuelewa.

3.0 Kimeng'enya kinachounga

Neno kimeng'enya limetokana na kitenzi meng'enya, yaani kuvunjavunja kitu kiwe vipande vidogo. Limeingia mashuleni kupitia somo la mmeng'enyo wa chakula, na limekubalika. Likitumiwa kwa asetilikolinesterasi, halina kasoro, kwa kuwa kazi yake ni kuvunja. Lakini katika neva hiyo hiyo kuna kimeng'enya kingine ambacho kazi yake ni kuiunda asetilikolini. Na huko maabara, jeni haiwezi kuhamishwa bila vimeng'enya viwili, kimoja cha kukata DNA na kingine cha kuiunga. Mwalimu atasemaje mbele ya wanafunzi wake? Kimeng'enya kinachounga? Kivunjaji kinachojenga?

Baadhi ya wenzetu, hasa wanabiolojia, wametokea kusema kwamba kwa sababu hiyo kimeng'enya kitupwe na enzaimu ishike nafasi yake. Hatukubaliani nao. Neno hilo la Ulaya liliundwa na Wilhelm Kühne katika miaka ya 1870 kutokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya "ndani ya hamira". Hakuna mwanakemia leo anayefikiria hamira alitumiapo. Maana ya asili imefifia, maana ya kitaalamu imesimama, na hakuna aliyedai kwamba neno libadilishwe kwa kuwa vimeng'enya vingi havihusiani na uchachuaji. Kama Wazungu wameruhusiwa kusahau hamira, nasi turuhusiwe kusahau mmeng'enyo.

Hata hivyo, kusahau hakutoshi. Tunapendekeza kwamba kimeng'enya libaki kuwa jina la kundi zima, na kila mwanakundi apewe jina lake kwa muundo ambao Kiswahili kinao tangu zamani: kiambishi ki-, kitenzi, na nomino inayotendwa. Ndio muundo wa kifungua kinywa. Kwa muundo huo tutapata kivunja-asetilikolini, kiunda-asetilikolini, kikata-DNA na kiunga-DNA. Majina haya manne yanapingana pale yanapopaswa kupingana na kufanana pale yanapopaswa kufanana. Yaani yanaunda mfumo. Jina la kimataifa halifukuzwi. Litakaa kando kama jina la Kilatini linavyokaa kando ya mwarobaini.

4.0 Panya yupi?

Tatizo la pili ni dogo kwa sura na kubwa kwa athari. Kiswahili cha kawaida humwita panya Mus musculus, mnyama mdogo wa kukaa kiganjani, na humwita panya vilevile Rattus norvegicus, ambaye ni mkubwa mara nyingi zaidi. Wote wawili hutumika katika maabara za uchunguzi wa ubongo. Aidha, Morogoro yuko panya buku, ambaye amefunzwa kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Naye ni mnyama wa tatu.

Katika ghala la nafaka tofauti hiyo haina uzito: wote ni wezi. Katika maabara ina uzito mkubwa. Jeni ya mmoja si jeni ya mwingine, na mfuatano wa amino asidi katika protini zao haulingani kila mahali. Mtafiti anayeandika "kimeng'enya cha panya" hajasema alichokitumia, na mwenzake hawezi kurudia jaribio lake. Kazi isiyoweza kurudiwa haina hadhi ya sayansi.

Tunapendekeza kipanya kwa yule mdogo na panya kwa yule mkubwa. Tunajua yatakayosemwa. Itasemwa kwamba kipanya ni mtoto wa panya tu. Kwamba wakazi wa Dar es Salaam waliwahi kuita vipanya mabasi yao madogo. Kwamba kipanya sasa ni kifaa cha kompyuta. Pingamizi hizo zote zinasahau kazi ya muktadha. Hakuna atakayedhani kwamba jeni ilitengwa kutoka katika basi. Na sarufi yenyewe inatusaidia: kama kiboko, kifaru na kipepeo, mnyama huyu atachukua upatanisho wa viumbe hai, kipanya huyu, vipanya hawa, ilhali basi na kifaa vitabaki katika kipanya hiki, vipanya hivi. Upatanisho wa kisarufi utabeba tofauti ambayo lugha nyingine huiachia bahati.

5.0 Kilichopandikizwa ni nini?

Neno la tatu ndilo gumu zaidi. Katika lugha za Ulaya kimeng'enya cha aina hii hupewa kivumishi chenye maana ya "kilichounganishwa upya". Watafsiri wetu, kwa uaminifu usio na faida, wameandika kimeng'enya unganifu. Tatizo ni kwamba kimeng'enya hakikuunganishwa na chochote. Kilichounganishwa ni DNA. Kimeng'enya ni zao lake tu, na kwa kawaida hukusudiwa kifanane na kile kilichomo katika mwili wa mnyama. Lugha hizo zimehamisha sifa ya mzazi na kumvisha mtoto, na wao wamezoea. Sisi hatuna sababu ya kuurithi mkato huo.

Mkulima wa mpunga huotesha miche kitaluni, kisha huing'oa na kuipandikiza katika jaruba. Daktari naye hupandikiza figo. Kitenzi kimekwisha kusafiri kutoka shambani hadi hospitalini bila kupotea njia, na hatuoni kwa nini kisifike maabara. Tunapendekeza jeni pandikizi, na kwa zao lake, kimeng'enya cha jeni pandikizi. Ni kweli kwamba pandikizi ni pia mtu mkubwa wa mwili, na pia mtu aliyepenyezwa kati ya wengine kwa siri. Maana hii ya pili haituharibii kitu. Jeni ya kipanya ndani ya seli ya kiumbe mwingine, ikiifanyia kazi isiyo yake, ni kama pandikizi la aina hiyo.

6.0 Mtihani wa sentensi

Sasa tuyaweke maneno yote pamoja na tuone kama yatakaa:

"Nakala ya jeni ya kipanya yenye maelekezo ya kutengeneza kivunja-asetilikolini hukatwa kwa kikata-DNA, huungwa katika plazimidi kwa kiunga-DNA, kisha hupandikizwa katika seli za figo za binadamu zinazooteshwa maabara. Seli hizo hutoa kimeng'enya katika kimiminika zinamoishi, nacho hutengwa na kusafishwa. Kiasi kidogo cha kimeng'enya hicho hutiwa katika chombo chenye asetilithiokolini, kemikali inayofanana na asetilikolini, pamoja na kitambulishi. Kimeng'enya kikiwa kizima, mchanganyiko hugeuka manjano. Kikiwa kimeshikwa na kizuia-kimeng'enya, umanjano hufifia au hauonekani kabisa."

Hiyo ndiyo njia ya kupima iliyochapishwa na George Ellman na wenzake mwaka 1961, na bado ni njia ya kawaida. Msomaji aliyemaliza kidato cha nne ataifuata aya hiyo, hata kama itambidi aisome mara mbili. Na tuangalie kilichotokea: kizuia-kimeng'enya kilijitokeza chenyewe, kwa muundo ule ule, bila kikao cha istilahi. Mfumo ulio hai huzaa. Orodha haizai.

7.0 Faida kwa nani?

Viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti na kabamati huua wadudu kwa kukizuia kimeng'enya hiki hiki. Mkulima wa nyanya au pamba apulizaye bila kinga huvuta sumu ambayo haibagui kati yake na mdudu. Hutokwa na mate na jasho, mboni za macho husinyaa, misuli hutetemeka, na mwisho huweza kushindwa kupumua. Kabamati hukiachia kimeng'enya baada ya muda. Oganofosfeti hukishika kwa nguvu, na kadiri saa zinavyopita kimeng'enya kilichoshikwa huingia katika hali ambayo wataalamu huiita kuzeeka. Baada ya hapo dawa ya kukikomboa haifui dafu. Atropini humsaidia mgonjwa kwa kuzuia baadhi ya athari za asetilikolini iliyofurika, lakini haikikomboi kimeng'enya. Dawa za kukikomboa huchunguzwa, pamoja na mambo mengine, kwa kimeng'enya cha kipanya cha jeni pandikizi.

Kwa hiyo, maelezo kamili ya kwa nini mgonjwa akimbizwe hospitali sasa na si kesho asubuhi yamo katika maneno tuliyoyajadili hapa. Mganga wa zahanati huzungumza na mke wa mgonjwa kwa Kiswahili. Akimwambia kwamba "sumu imeingia kwenye mishipa" hajamwambia kitu. Akimwambia kwamba kuna kitu mwilini kinachozima ujumbe wa neva, kwamba sumu imekishika, na kwamba kikizeeka mikononi mwa sumu hakikomboleki tena, amemwambia ukweli wa kisayansi kwa maneno ambayo atayakumbuka na kumwambia jirani.

8.0 Hitimisho

Kuna istilahi zetu zilizofaulu: vinasaba limetoka mahakamani na magazetini likaingia vijiweni, na UKIMWI limejulikana na kila mtu tangu miaka ya 1980. Hayakufaulu kwa sababu ya chanzo chake, kwani moja lina mzizi wa Kiarabu na jingine ni ufupisho. Yalifaulu kwa sababu watu walilazimika kuyatumia katika sentensi, kila siku, juu ya jambo lililowagusa.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, istilahi yoyote ya sayansi isisanifishwe mpaka imetumika katika aya kamili iliyoandikwa na mwanaisimu pamoja na mtaalamu wa uwanja husika. Pili, istilahi ziundwe kwa makundi yenye kupingana na kukamilishana: kiunda sambamba na kivunja, kipanya sambamba na panya. Tatu, idara zetu zikubali kuwa kazi ya shahada ya uzamili uandishi wa matini ya kisayansi kwa Kiswahili pamoja na ufafanuzi wake wa kiisimu. Tumekwisha kuwa na tasnifu za kutosha juu ya mbinu za kuunda maneno. Tunachokosa ni kurasa ambamo maneno hayo yanafanya kazi. Iwapo wenzetu wa kemia na biolojia watayaona mapendekezo yetu ya hapa kuwa na dosari, na wayakosoe. Ila tunawaomba wayakosoe kwa Kiswahili, na kwa aya nzima.