MZEE ASEMAPO HAJAMBO

Mzee wa Gisozi, jijini Kigali, akiulizwa hali, mara nyingi hujibu "Ni meza", yaani hajambo, ingawa magoti yamemkesha usiku kucha. Huo ni uungwana, wala si uongo. Kwake yeye, mwenye afya ni yule apandaye kilima kwa miguu yake, alaye akashiba, na atembelewaye na wanawe.

Tangu 1948 Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa afya si kukosa maradhi tu, bali ni uzima wa mwili, wa akili na wa kuishi na watu. Gisozi yalijua hilo kwa uchungu. Katika makumbusho yaliyofunguliwa huko mwaka 2004 wamezikwa watu zaidi ya 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari ya Watutsi ya 1994. Na wako wazee waliobaki bila mtoto wa kuwabishia hodi. Dawa ya upweke huo haiuzwi dukani.

Hata hivyo, shinikizo la damu huua kimya kimya; mwenye nalo aweza kujiona mzima kabisa. Basi askari aliye mbali na kwao asitosheke na salamu ya simu. Amwulize mzazi wake: Umelalaje? Umekula nini? Nani alikutembelea jana? Kisha ahakikishe kwamba bima ya afya imelipwa na kwamba mzee amepimwa.