Udongo wa kusafisha maji: gharama kubwa iko mwishoni

DAWA za kuua wadudu zilizokuwa zimerundikwa katika shamba la Vikuge, wilayani Kibaha, zilipoondolewa, ingedhaniwa hesabu imefungwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha vingine. Mabaki ya DDT na dawa nyingine za jamii ya klorini yalikutwa ardhini hadi kina cha sentimita 50, na pia katika maji ya kisima. Ghala lilikuwa limebomoka siku nyingi.

Kwa maji ya namna hiyo, njia mojawapo inayopigiwa debe na wataalamu ni bentonaiti iliyobadilishwa. Bentonaiti ghafi hupenda maji, kwa hiyo haishiki vizuri sumu kama DDT, ambayo hupenda mafuta. Lakini ikichanganywa na chumvi za amonia zenye mnyororo mrefu wa kaboni, za jamii ya zile zinazotiwa kwenye vilainishi vya nguo, chumvi hizo huchukua nafasi ya sodiamu na kalsiamu katikati ya tabaka za udongo. Udongo huo sasa hushika mafuta, na sumu hunasa humo. Viwanda vya rangi na grisi vimeutumia kwa miongo mingi, ingawa kwa kazi nyingine.

Si kila udongo unafaa. Kaolini ya Pugu haiko mbali na Kibaha, lakini uwezo wake wa kupokea chumvi hizo ni mdogo sana ukilinganishwa na wa bentonaiti. Atakayeichagua kwa kutazama nauli ya lori tu ataokoa dizeli na kuwaacha wanakijiji na maji yale yale.

Kasoro kubwa zaidi ya michanganuo ya miradi kama hii ni kwamba huhesabu tani za udongo, matangi na mabomba, kisha huishia pale maji yanapotoka. DDT iliyonaswa bado ni DDT. Imehama tu kutoka kisimani kwenda kwenye tope. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 unataka taka za aina hiyo ziharibiwe kabisa, na kazi hiyo huhitaji tanuri maalumu la joto kali, si shimo nyuma ya ofisi ya kijiji. Tope lisilo na mwenyewe laweza hata kuishia kwenye matofali. Chumvi zenyewe zikizidi kipimo huvuja, nazo ni sumu kwa samaki.

Kuchuja maji huku udongo wa chanzo ukiendelea kuvujisha sumu ni kujaza pakacha. Zabuni inayostahili kusainiwa ni ile inayotaja nani atachimbua udongo huo, nani atachukua tope, kwa fedha zipi, kabla mtambo haujawashwa. Wakati hayo yakisubiriwa, kisima chenye sumu kifungwe, na gharama ya kuwapelekea wakazi maji mengine iandikwe kwenye mradi huo huo, isiachwe mifukoni mwao.