Mawe Manne Yatosha

Haraka haraka haina baraka, wahenga walinena. Muhula uliopita niliunganisha taa ndogo ya LED na betri ya pikipiki ya volti 12, rezista nikaisahau. Iling'aa mara moja tu, ikazimika kabisa. Nayo ilikuwa ya mwisho! Kundi letu likarudi nyumbani bila kufanya jaribio.

Wenzangu wa hapa Gede, mbona twapenda volti nyingi? Kuna wanaosema, "Tumia mawe mawili ya tochi, ndiyo salama." Hao nao nawapinga. Mawe mawili ni volti 3. LED nyekundu huchukua kama volti 2, nyeupe karibu 3. Kwa hivyo nyeupe haiachii rezista kitu. Itafifia au isiwake, nawe utaitupa ukidhani imeharibika, kumbe ni nzima.

Maoni yangu ni mawe manne, yaani volti 6, na rezista ya omu 220. Pigeni hesabu kwa kanuni ya Ohm: nyekundu yabakisha volti 4, mkondo ni miliampea 18. Nyeupe ni kama 14. Nyingi za taa hizi huvumilia 20. Rezista hiyo hiyo kwa volti 12 yapitishia nyekundu 45!

Walimu wetu wapendwa, vifaa hivi twavinunua kwa kuchangishana. Nawaomba betri ya pikipiki iondoke mezani, tuwekewe mawe manne. Hasara yangu iwe funzo. Kinga ni bora kuliko tiba.