Waya Zikitolewa, Kazi Bado Ipo



Binti mmoja wa jumuiya yetu ndogo ndogo alivaa waya za kunyoosha meno kwa miezi 20. Baba yake aliuza ng'ombe wawili na mama akakopa katika kikundi cha akina mama ili gharama zitimie. Siku waya zilipotolewa, nyumba nzima ilifurahi, maana mtoto aliyezoea kuficha mdomo kwa kiganja alicheka mbele ya watu. Wiki tatu baadaye alirudi shule ya bweni. Ndani ya sanduku lake kilikuwamo kifaa kidogo cha plastiki alichopewa na daktari, kimefungwa katika leso, na humo kikakaa muhula mzima. Aliporudi likizo, mama alikiona kina harufu, akakichemsha kama anavyochemsha chupa ya mtoto mchanga. Kifaa kikapinda. Sasa ni mwaka na nusu umepita, na meno yake ya mbele ya chini yameanza tena kupandana.

Hatusimulii haya ili tumcheke mama huyo. Alifanya alilojua, kwa moyo mwema. Huko alikotibiwa binti walimkabidhi kile kifaa ndani ya bahasha, wakamwambia avae usiku, basi. Hakuna aliyemketisha mzazi na kumweleza kwamba matibabu aliyolipia yalikuwa yamefika nusu tu ya safari.

Hapo ndipo ilipo hoja yetu ya mwezi huu. Sisi tunaonelea kwamba familia ambayo haiko tayari kwa kifaa hicho, ambacho wataalamu hukiita riteina, isianze kabisa habari ya waya. Tunajua maneno haya ni makali. Lakini ni afadhali meno yaliyopinda kidogo na ng'ombe wakiwa zizini kuliko meno yaliyopinda tena na ng'ombe wamekwisha kwenda. Yule mjenzi wa mnara katika Injili ya Luka alichekwa na majirani kwa sababu hakukaa kwanza kuhesabu gharama, na kwenye meno mnara haukamiliki siku waya zinapotolewa.

Mzazi atauliza, jino lililokwisha kunyooka linarudije nyuma? Jino halikupigiliwa kwenye taya kama msumari kwenye ubao. Kati ya mzizi wake na mfupa zipo nyuzi laini zinazolishikilia. Waya unapolisukuma polepole, mfupa wa upande unaosukumwa huyeyuka, na nyuma ya jino mfupa mpya hujengeka. Ndivyo jino linavyosafiri, kiasi cha milimita moja kwa mwezi, na ndiyo maana matibabu huchukua mwaka na nusu au miwili, pengine zaidi. Siku waya zinapotolewa mfupa ule mpya bado ni mchanga, na nyuzi zilizo ndani ya fizi zimevutika kama mpira wa manati. Huchukua miezi mingi, hata mwaka na zaidi, kabla hazijatulia. Ukiyaacha meno bila kitu cha kuyashika, mpira huo unayarudisha. Tena, hata kwa mtu ambaye hajapata kuvaa waya maishani, meno ya mbele ya chini huelekea kusongamana kadiri umri unavyokwenda. Mzee atazame kwenye kioo, ataona wenyewe.

Zamani wagonjwa wengi waliambiwa kwamba mwaka mmoja au miwili ya riteina inatosha. Siku hizi madaktari wengi husema wazi zaidi: miezi ya kwanza uvae usiku na mchana kama utakavyoagizwa, ukiitoa wakati wa kula na kupiga mswaki; baadaye uvae usiku, kwa muda wote unaotaka meno yabaki yalivyo. Maana yake ni miaka mingi. Wengine hugandishiwa waya mwembamba nyuma ya meno ya mbele, usioonekana mtu anapocheka. Huo hausahauliki sandukuni, lakini ukoga hujikusanya kirahisi hapo, na ukibanduka upande mmoja jino linaweza kuhama kabla mwenyewe hajatambua. Upitishe ncha ya ulimi kila siku kuukagua.

Riteina ya kuvaa na kuvua huoshwa kwa maji baridi, mswaki laini na sabuni kidogo ya kuogea. Usiichemshe, usiioshe kwa maji ya moto, wala usiiache juani au karibu na jiko. Dawa ya meno huikwaruza, na ndani ya mikwaruzo hiyo uchafu hujificha. Ikivuliwa iwekwe katika kikopo chake kigumu chenye matundu. Wanaoifunga katika karatasi au leso wakati wa kula huitupa pamoja na mabaki ya chakula, na mbwa nao huipenda mno kwa sababu ya harufu ya mate. Ikibana kidogo baada ya kuisahau siku mbili tatu, ivae, itazoea. Ikikataa kabisa kuingia, usiilazimishe, nenda kwa daktari wiki hiyo hiyo. Ukingoja hadi likizo utakuwa umechelewa.

Basi, katika kuhesabu gharama, usihesabu waya peke yake. Hesabu nauli ya kurudi kliniki kila baada ya wiki nne hadi nane, hesabu riteina ya kwanza, hesabu na ya pili, kwa sababu ya kwanza itavunjika au itapotea. Madaktari bingwa wa kunyoosha meno ni wachache katika nchi yetu, nao wengi wako katika miji mikubwa. Anayetoka wilayani anaweza kupoteza siku mbili kwa miadi ya nusu saa. Uliza yote hayo kabla waya wa kwanza haujafungwa, na umwombe daktari akuandikie kwenye karatasi.

Wako waumini wanaotuambia kwamba kunyoosha meno ni majivuno tu ya watu wa mjini. Hatukubaliani nao. Meno ya juu yaliyochomoza sana huvunjika kwa urahisi mtoto anapoanguka. Yako meno ya chini yanayochoma kaakaa kila mdomo unapofungwa. Na mtoto anayekataa kusoma somo kanisani kwa kuogopa kuchekwa ana shida ya kweli, hata kama hatokwi damu.

Lakini si kila jino lililo upande linahitaji fundi. Kwa mfano mwanya. Tangu lini mwanya umekuwa ugonjwa? Wengi wetu tumeoa au kuolewa kwa sababu yake! Mtoto wa miaka 8 mwenye mwanya mbele mara nyingi bado anakua, na chonge zikiota nafasi hiyo huweza kupungua yenyewe. Linalotutisha ni vijana wanaojifunga mpira mdogo kuzunguka meno mawili ya mbele ili kuziba mwanya nyumbani. Mzizi wa jino ni mwembamba kuelekea chini, kwa hiyo mpira huteleza na kupanda ndani ya fizi mahali usipoonekana, ukila mfupa taratibu. Meno mazima kabisa, yasiyo na tundu hata moja, hulegea na kung'oka. Mzazi ukimkuta mwanao na mpira huo, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo, hata kama anasema amekwisha kuutoa.

Kwa aliyekwisha kuvaa waya, adui mkubwa ni sukari na uvivu wa mswaki. Madoa meupe huweza kutokea kuzunguka vyuma ndani ya wiki chache, nayo hubaki kwenye jino hata vyuma vikitolewa. Mswaki wa mti ni mzuri kwa mengi, lakini chini ya waya haufiki. Tumia mswaki laini na dawa yenye floraidi, baada ya kila mlo ikiwezekana, na usiku bila kukosa. Miwa, mahindi ya kuchoma, mifupa na kashata viwasubiri ndugu zake wengine.

Tukirudi kwa walio wengi ambao hawatavaa waya kamwe, kazi yao huanzia kwenye meno ya utotoni. Meno hayo 20 huyatunzia nafasi meno ya ukubwani. Gego la utotoni likiozeshwa na pipi na kung'olewa mapema, majirani zake husogea, na jino la kudumu linapotaka kuota halina pa kupita. Kunyonya kidole si neno kwa mtoto mdogo, lakini meno ya ukubwani yanapoanza kuota, karibu na miaka 6, inafaa awe ameacha. Umri wa miaka 7 hivi ni wakati mzuri wa kumwonyesha kwa daktari wa meno, akague tu.

Liko pia jambo linalotuhuzunisha zaidi ya yote: kuchimba fizi za watoto wachanga ili kutoa yanayoitwa meno ya plastiki. Uvimbe ule mweupe ni chonge za utotoni ambazo bado hazijaota. Havileti homa wala kuhara vitu hivyo. Anayechimba kwa kisu au njiti ya baiskeli hungoa jino changa, na mara nyingine huharibu hata chonge ya ukubwani iliyo chini yake, hivyo mpangilio wa meno ya mtoto huvurugika kabla hajajua kutambaa. Hilo ni kwa yule anayepona. Wako wanaokufa kwa kutokwa damu au kwa maambukizi. Mtoto anayehara apewe maji ya chumvi na sukari yanayotolewa zahanati, aendelee kunyonya, na apelekwe hospitali.

Kuhusu binti yetu, daktari mwingine amempima na kusema riteina mpya itayazuia meno yasiende mbali zaidi, ila kuyarudisha yalipokuwa kutahitaji waya tena. Wazazi wameamua kuchukua riteina peke yake. Mama amezungumza na sista mlezi wa bweni, naye amekubali kikopo kikae juu ya kabati dogo kando ya kitanda, kimeandikwa jina la mtoto kwa wino usiofutika. Tunawaomba walezi wa mabweni mengine nao wawaulize watoto wao usiku, kabla ya kuzima taa, nani ana kikopo cha namna hiyo.